Nilisema Sufu

Mimi nina ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: nikisikia mtu anavuruga Kiswahili, ulimi wangu haukai kinywani. Nimezaliwa Malindi, mji wa kale, na cherehani yangu imekaa kwenye duka lile lile miaka ishirini na ushei. Nashona madera, kanzu, sare za shule, mapazia na mito. Mtu akija akaniambia, "Fundi, hii suruali imekuwa mrefu, kata yeye kidogo," kwanza namkata yeye kwa maneno, kisha ndiyo naikata suruali. Watu wamenizoea. Wengine naamini hukosea kusudi, wapate kunicheka.

Jirani yangu wa ukuta ni mama wa saluni. Yeye ni mtu wa bara, kwao ni juu milimani, kule ambako asubuhi mtu hupumua moshi bila kuvuta sigara. Alikuja Malindi na mtoto mchanga mgongoni, akapanga chumba kilichopakana na changu, na kati yetu kukawa na ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Yeye akisuka, mimi nikishona, midomo yetu haikosi kazi. Wateja huingizwa kwenye mazungumzo wapende wasipende. Jumapili yeye huenda kanisani, Ijumaa mimi hufunga mapema, na Idi na Krismasi sahani zapita huku na huku. Shoga yangu ni yeye, sina mwingine wa kulingana naye.

Yule mtoto wa mgongoni alikulia chini ya meza yangu ya kukatia. Alijifunza kuhesabu kwa vifungo vyangu, na vipande vya vitambaa vilivyoanguka vilikuwa vyake kwa sheria aliyojitungia mwenyewe. Aliniita Mama Fundi tangu hajui kutamka fundi. Mimi Mungu alinipa wavulana wawili, wote wameshakwenda zao, na binti niliyemjua ni huyo. Alikuwa mtu pekee mjini aliyeweza kutofautisha hasira zangu za kweli na zile za mchezo. Nikifoka, yeye huniangalia kidogo, akishajua ni za mchezo huendelea na mambo yake.

Basi alipopata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi ng'ambo, katika nchi ya theluji, mtaa mzima ulifurahi. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakwaruza. Kisha nikaenda nyumbani, nikajifungia chooni, nikalia. Sikutaka aende. Nalisema hapa wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Nilijifariji kwa jambo moja: baridi. Mtoto huyu, Julai ikifika hapa Malindi, maji ya bomba humtoa kelele. Nikasema moyoni, mwache aende, theluji itamrudisha yenyewe.

Sasa, ana ngozi yenye maringo. Nailoni haitaki, polista haitaki, chochote chenye asili ya plastiki kikimgusa shingoni hutoka vipele. Hata sweta ya shule nilimshonea mwenyewe kwa pamba. Kwa hivyo suala la koti la kwenda nalo likawa kubwa. Sokoni kwenye mitumba makoti ya baridi yamejaa, sijui ni nani huyafunga marobota akayaleta Malindi, wala anafikiria nini. Alijaribu matatu. Kabla hajafika nyumbani shingo ilikuwa nyekundu na anajikuna hadharani.

Alasiri moja akaja na simu. "Mama Fundi, tazama." Ilikuwa picha ya koti. Lo, koti lilikuwa koti! Refu mpaka chini ya magoti, limekaa vizuri mabegani, kola yake imesimama kwa heshima, rangi ya mchanga uliolowa. Akanisomea maelezo: nyuzi za asili tupu, hakuna plastiki hata kwenye uzi wa kushonea, na ardhi haikudhuriwa wakati wa kulitengeneza. Akanisomea na bei. Nikamwambia arudie, maana nilidhani ni namba ya simu.

"Toa hilo," nikasema. "Hao wanauza koti au wanauza nyumba?"

Sauti ikatoka ukutani. "Nitampeleka kwa fundi wa Nairobi, amshonee hii koti."

Ebo! Nikaacha mkasi. "Fundi wa Nairobi? Kwani mimi nimekufa?"

"Wewe umewahi kushona koti ya baridi?"

"Koti *la* baridi," nikamwambia. "Na nitalishona mimi."

Ndivyo nilivyojifunga mwenyewe. Ulimi ulitangulia, moyo ukabaki nyuma unauliza, wewe si hutaki aende? Lakini neno limeshatoka, na mtoto alikuwa amenikumbatia shingoni anacheka.

Siku tatu baadaye nilikuwa napiga sare za shule kwa haraka, cherehani inalia, na huko upande wa pili draya ya nywele inavuma. Shoga yangu akapaza sauti. "Fundi! Ile koti itakuwa ya sufu! Nimeuliza, ndiyo inashika joto!"

Nikatoa mguu kwenye pedali. "Ya sufi?"

"Sufu!"

Nikacheka peke yangu. Kwetu sisi, sufi ni ule weupe mwepesi utokao kwenye matunda ya mti wa msufi, ambao twatilia mito. Hakuna nyumba ya Malindi isiyo na mto wa sufi. Sufu, hiyo ya kondoo, nalijua neno, lakini katika miaka yangu yote ya ufundi hakuna mteja aliyepata kusimama mlangoni kwangu akaitaka. Hapa watu husema sweta, husema blanketi, yamekwisha. Kwa hivyo nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba mtu wa bara amekosea tena, ametia *u* penye *i*. Maskini, nikasema, miaka yote hii na bado hajajua sufi.

"Nimefahamu!" nikamjibu. "Sufi iko tele Jilore!"

"Sawa!" akasema. "Imeshatumwa!"

Sikujua ni nini kilichotumwa. Nilidhani azungumza na mteja wake. Draya iliendelea kuvuma, nami nikaendelea na sare.

Wala wazo lenyewe sikuliona la wazimu. Sufi yatoka mtini, haina plastiki, haichokozi ngozi, na mtu akilalia mto wa sufi huamka sikio limepata moto. Nikaenda Jilore kwa shangazi yangu, aliyeolewa huko na ana misufi mitatu nyuma ya nyumba. Sufi ya msimu uliopita alikuwa ameiweka kwenye magunia, imeshatolewa mbegu.

"Wataka kutia mito mingapi?" akaniuliza.

"Nashona koti, shangazi."

"Pole," akasema, akanifungia gunia.

Nikanunua marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, nikakata vipande viwili viwili vya mgongo, kifua na mikono. Kati ya vipande viwili natia sufi kwa tabaka, kisha napiga mishono ya kukingama jinsi mafundi wa magodoro wafanyavyo, maana bila hivyo sufi hushuka yote chini na mvaaji akaonekana na mimba ya magotini. Kazi ilikuwa nzuri. Siku ya pili jua lilikuwa kali, Januari ya kaskazi mwaijua, mashavu yananichoma. Nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa fundi hafanyi. Niliwasha feni na gunia liko wazi.

Sufi ikaruka. Ikajaa duka, ikaingia puani, ikapita kwenye nyufa za mbao kwenda saluni, na huko ikamkuta mteja ametiwa mafuta kichwani tayari kusukwa. Nikasikia ukelele. Kisha shoga yangu akatokea mlangoni, kitana mkononi, na nyuma yake yule mteja ameota mvi kichwa kizima.

"Wewe unafanya nini na hii vitu nyeupe?"

"Hivi vitu vyeupe," nikamsahihisha, na huku napiga chafya. "Nashona koti la mtoto. La sufi, ulivyosema."

Akanitazama. "Mimi nilisema sufu."

"Ndiyo. Sufi."

"Sufu! Sufu ya kondoo! Meee!"

Mteja mwenye mvi aliangua kicheko akashika mlango asianguke. Mimi nilisikia masikio yakiwaka moto. Mimi! Mimi ninayewasahihisha watu mpaka kwenye foleni ya benki! Mtu mwenye adabu zake angeomba radhi hapo hapo, lakini mimi nikiaibika huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia, "Ungesema manyoya ya kondoo, ningefahamu!"

"Kwani sufu sio Kiswahili? Si wewe ndio mwalimu?"

Kisha akapunguza sauti, akaniambia neno ambalo mpaka leo nalisikia. "Wewe hutaki mtoto aende. Ndiyo maana hukusikia."

Akamshika mteja wake mkono wakaondoka. Nilikaa juu ya gunia la sufi. Nilitaka kumfuata nimwambie ni mwongo, lakini sikuinuka, kwa kuwa hakuwa mwongo. Nilimuuliza mara moja, akanijibu wazi, sufu, nami nikachagua kusikia nilichotaka. Mtu anayetaka koti lifae huuliza mara ya pili.

Siku mbili hatukusemezana. Hamjui uzito wa jambo hilo nyie msiokuwa na ukuta wa mbao. Nilimsikia akipiga miayo. Nilimsikia akimwambia mteja kwamba nywele zake zimekatika, nami nilikuwa na maoni juu ya nywele hizo, nikayameza. Wateja wakaanza kunong'ona. Muuza maji alikuja akauliza kama kuna msiba.

Siku ya tatu akaingia bila hodi, akaweka mzigo mezani kwangu, akasimama. Ulikuwa umefungwa kwa gunia na kamba ya katani, na ulinuka moshi wa kuni na kondoo. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na blanketi la sufu, zito, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, rangi ya kondoo wenyewe, halikutiwa dawa yoyote.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Kondoo ni wake, uzi alisokota yeye, akafumiwa na jirani. Nilikuambia imeshatumwa. Anataka ikatwe koti ya mjukuu."

Nikalipapasa. Sikuwahi kushika kitambaa cha namna hiyo. Lilikuwa na nguvu, na kidole kikikaa juu yake kidogo tu kilianza kupata joto.

"Lipo jingine?" nikamuuliza.

"Hakuna. Macho yake haioni uzi tena. Hii ndiyo ya mwisho." Kisha akaongeza, "Amesema ukikosea, usimwambie."

Nikachukua mkasi, nikauweka chini. Nguo nilizokata maishani hazina hesabu, lakini dera likiharibika mtu hununua kitambaa kingine dukani, na hili lilikuwa halipatikani dukani. Nikaona haifai kulikata na kinyongo kifuani. Nikamwambia, "Shoga, nisamehe. Ulisema sufu."

"Nini?" akasema, ametega sikio. "Sisikii, draya inavuma."

Draya ilikuwa imezimwa. Nikajua kwamba nimesamehewa, ila lazima nilipie. Nikasimama mlangoni nikapaza sauti, "Ulisema sufu! Nami nikasikia sufi! Kosa ni langu!" Muuza maji ng'ambo ya barabara akapiga makofi. Shoga yangu akaketi kwenye kiti cha wateja akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka la saluni, na hapo mji ukarudi mahali pake.

Ila hatukukaa saa moja tukagombana tena, safari hii juu ya sufi. Yeye alitaka itupwe. "Mtoto wangu hataenda huko amefanana na godoro." Mimi nikasema sufi yangu haitupwi, nimeiendea Jilore na imeshashonwa. Tulikuwa tumefika kwenye kutajiana makosa ya zamani wakati mtoto mwenyewe alipoingia.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba. Mwambie mama yako—"

"Tieni yote," akasema. "Sufu ya nyanya nje, sufi ya Mama Fundi ndani. Mimi naenda mahali pa baridi, siendi harusini."

Alikuwa ameongea kwa sauti ya muuguzi kabla hajaanza masomo.

Kwanza nilimfunga kipande cha blanketi kwenye kifundo cha mkono, akatembea nacho kutwa nzima. Ngozi ilinyamaza, ikalalamika kidogo tu pale sufu iliposugua. Kwa hivyo nikapanga kola na ncha za mikono zivikwe popilini ya pamba, ili sufu isimguse popote. Kisha nikatia udhu, nikasema bismillahi, nikakata. Sikuvuta pumzi mpaka mkasi ulipotokea upande wa pili. Shoga yangu alikuwa amefunga saluni kwa kazi hiyo, amesimama kando ameshika mdomo, na kila mkasi uliposema chap, yeye alisema "Yesu."

Cherehani ilikataa. Ilivunja sindano mbili ikanipa ya tatu imepinda. Basi nikatoa sindano ya magodoro na subana ya kukinga kidole, nikashona koti zima kwa mkono, nimekaa barazani mchana, siku tano. Wapita njia walisimama. Mtaliano mmoja, bibi kizee anayeishi hapa miaka mingi na huniletea suruali zake, alilishika akaniambia kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, "Mikono refu zaidi, mama. Vidole yeye nalia baridi." Kwa mara ya kwanza maishani sikumsahihisha mtu. Nikarefusha mikono. Vifungo nilitengenezewa Dabaso, vya kifuu cha nazi, vimesuguliwa mpaka vinang'aa.

Lilipokwisha, jamani, nijisifu kidogo. Lile la kwenye simu lilikuwa zuri, lakini langu lilikuwa na mwili. Mtoto alilivaa akajiangalia kwenye kioo cha saluni, akageuka huku, akageuka huku, kisha akaomba avuliwe haraka kabla hajazimia.

"Sasa tutajuaje kama linafaa?" akauliza.

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Malindi, Januari, koti la baridi utalijaribia wapi? Shoga yangu ndiye aliyesema, kwenye barafu ya samaki. Kuna mfanyabiashara wa samaki mwenye chumba cha baridi ambamo huweka nguru na tewa wa mahoteli, mtu mwema, nilimshonea kanzu ya harusi yake. Tukaenda watatu, koti limefungwa kwenye shuka.

"Wataka kufanya nini humo?" mwenye samaki akauliza.

"Kusimama," nikamwambia.

"Mama, u mzima?"

Mtoto alinyoosha mkono achukue koti, nikamnyima. Nikasema fundi hujaribu kazi yake kwanza. Sababu nyingine sikuitaja. Nilitaka mimi niwe wa kwanza kujua. Nikavaa, nikafunga vifungo mpaka juu, nikaingia na kandambili zangu, mlango ukafungwa.

Yarabi, baridi ile! Pua ilikufa ganzi, vidole vya miguu vikalia, nikasimama kati ya nguru wenye macho meupe na pumzi yangu naiona. Nikasoma aya zote nilizozijua kwa moyo. Kisha nikasikiliza mwili. Mikono ilikuwa na joto. Mgongo ulikuwa na joto. Kutoka shingoni mpaka magotini nilikuwa kitandani kwangu asubuhi ya Jumamosi. Koti lilifaa. Nilifurahi kwa ufundi wangu kuliko siku yoyote, na papo hapo nikajua kwamba theluji haitamrudisha mtu. Nililishona mwenyewe jambo hilo, kwa mkono wangu, siku tano. Nikalia pale ndani, na machozi yalikuwa ndiyo kitu cha pekee chenye moto usoni.

Mlango ulipofunguliwa wote watatu walikuwa wananikodolea macho. Mtoto aliuliza, "Umesikia baridi, Mama Fundi?"

Niwaambie kweli. Uongo ulikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi. Ningesema halifai kitu, angeniamini, maana kwa kazi yangu hajapata kuniona nadanganya. Zilibaki siku nne, na hakuna jingine. Angeingiwa na hofu. Labda angeahirisha. Nilimwangalia, akaniangalia vile vyake, akipima kama hasira zangu ni za kweli au za mchezo.

"Miguu tu," nikasema. "Koti linafaa. Mnunulieni viatu."

Shoga yangu alinishika kiuno, akanitoa nje juani. Alijua kila kitu, mwanamke huyo. Tulikaa kwenye kibao cha wapaa samaki, wale waondoao magamba, mimi nimevaa koti la theluji katika jua la saa saba, watoto wamekusanyika kunitazama, naye akanipapasa mgongo mpaka nilipotulia.

Koti lilirudi linanuka nguru. Mtoto alipiga kelele kwamba hatopata rafiki hata mmoja huko aendako. Nikalianika siku nzima kwenye upepo, kisha nikaweka udi kwenye chetezo, nikalitandaza juu ya tenga, moshi ukaliingia vizuri, mpaka kwenye bitana ya ndani na mifuko. Akaondoka nalo limening'inia mkononi. Uwanja wa ndege wetu ni mdogo, mtu humwona msafiri wake mpaka anapopanda ngazi. Alipofika juu alilipunga koti badala ya mkono. Mama yake alipunga leso. Mimi nilikuwa nimeshaanza kugombana na askari wa pale aliyetwambia tusogee nyuma.

Simu ya picha ilikuja wiki ya pili, mchana. Kabla ya hapo alikuwa ameandika tu kwamba amefika na amechoka. Shoga yangu hakuongea kupitia ukutani, alikuja mbio, kitana kimemganda nywelini, simu mbele. Mtoto alikuwa amesimama barabarani. Nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe, paa, miti, magari, na nyeupe nyingine ilikuwa inashuka. Kola ilikuwa imesimama mpaka masikioni. Mama yake alimuuliza chakula, akamuuliza kanisa, akamuuliza anayelala naye chumbani ni mtu wa namna gani. Halafu akanipa simu.

Tangu siku ile ya vigelegele nilikuwa nimeliweka jibu tayari. Akisema neno moja tu la baridi, nitamwambia rudi nyumbani, mwanangu, rudi, hakuna atakayekucheka. Lilikuwepo bado, nalisikia chini ya ulimi.

"Wasikia baridi?" nikamuuliza.

"Hata kidogo, Mama Fundi."

"Na ngozi?"

"Imetulia. Tazama." Akafungua kifungo cha juu, akavuta kola, akanionyesha shingo. Ilikuwa safi kabisa.

Akawa ananiangalia. Theluji ilikuwa inamwangukia mabegani, wala haikumshughulisha. Alikuwa anangoja, na nilijua anangoja nini, kwa kuwa tangu alipopata nafasi ile, vigelegele nilimpa, koti nilimpa, lakini neno lenyewe nilikuwa sijampa. Shoga yangu alikuwa ameshika bega langu.

"Basi kaa," nikamwambia. "Kaa, mwanangu. Soma."